Radhi Kabla Hujapaa

Aziza mwanangu,

Mmetoka kwenda mtaa wa Porte de Namur, hapa hapa Brussels, wewe na mama yako, kusuka nywele zitakazokaa vizuri ndani ya ile kofia ya kioo, na najua hamtarudi mapema, kwa sababu msusi wenu hana haraka na mama yako akishakaa pale huwa hana haraka kumzidi. Nimebaki na mabegi yako. Tramu ikipita, vioo vya dirisha la mbele vinatetemeka, kisha kimya. Nimekaa kwenye kiti chako hapa mezani kwa sababu upande huu ndiko kwenye mwanga. Kesho asubuhi nitakupeleka uwanja wa ndege, na ninajijua: nitalalamikia magari barabarani, nitakuuliza kila mara kama pasipoti iko mkononi, na yale ninayotaka kukwambia sitayasema mpaka utakapokuwa umeshapita kwenye ukaguzi na huwezi kurudi. Ndiyo maana ninaandika.

Habari za chakula, za nguo za joto na za kupiga simu nyumbani nimemwachia mama yako. Ameshazisema, na kesho atazirudia. Mimi nina jambo uliloniomba tangu mwaka jana, miti ya cheri ya mtaa wetu ilipokuwa imechanua, nami sikukupa. Hujaniomba tena. Umefunga mabegi, umeaga wenzako wa kazi hospitalini, umeaga jamaa, na hujaniomba tena.

Unaikumbuka Ijumaa ile. Nilikuwa nimetoka msikitini, mama yako amepika ndagala, wale dagaa wa kwetu, na ugali, nawe ulikuwa umekaa huku unaichezea bilauri bila kunywa maji.

"Baba, nimechaguliwa."

"Kuchaguliwa wapi?"

"Kwenda anga za juu. Niwe daktari wa safari."

Sijakuambia nilivyofurahi kwa muda ule mfupi. Nilidhani wale wa shirika la serikali la anga, waliokukataa, wamefikiri upya na kukuita. Nikasema, "Alhamdulillahi, wamekubali!" Ukatikisa kichwa.

"Si wao, Baba. Ni kampuni. Kuna bwana mmoja amenunua safari nzima. Watu wanne, tutaizunguka dunia siku kadhaa. Anataka awepo daktari, na ufanyike utafiti wa kweli."

"Bwana mmoja?"

"Ndiyo."

"Kwa pesa yake mwenyewe?"

"Ndiyo, Baba."

Nikaweka tonge chini. Niliyoyasema baada ya hapo wewe huwezi kuyasahau, lakini nataka uyaone yakiwa yameandikwa kwa mkono wangu, usije ukadhani najifanya siyajui. Nilisema: "Basi wewe humo ndani si daktari. Wewe ni pambo. Tajiri hununua saa, hununua farasi, na huyu kanunua binti mweusi anayesikia kwa sikio moja ili magazeti yamsifu." Mama yako akaniita kwa ukali, "Papa Aziza!" Wewe hukulia. Ulinitazama tu, ukasema kwa sauti ya chini, "Sikuombi ruhusa, Baba. Mimi ni mtu mzima. Naomba radhi yako." Nami nikanyanyuka, nikasema, "Kaiombe kwa huyo tajiri wako."

Baada ya hapo tuliishi humu ndani kama wapangaji wawili. Salamu mlangoni, "umeamkaje", "zamu yako saa ngapi", basi. Majirani wakinipongeza nikiwa dukani, nabadilisha mazungumzo. Kijana mmoja wa Kikongo aliniita mjomba kwa Kifaransa, akaniuliza kwa utani, "Tonton, kule juu kuna visa?" watu wakacheka, mimi nikatoka bila kuchukua mkate nilioufuata.

Maneno yale yalitoka mahali. Nataka upajue, si ili unisamehe haraka, bali kwa sababu unakwenda kusimama mahali ambapo mimi niliwahi kusimama.

Unajua nilisoma utabibu Tanzania na sikumaliza. Hukuwahi kuniuliza kwa nini. Nadhani ulifikiri ni vita vya kwetu. Vita vilikuja baadaye. Kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura, barabara moja na nyumba yetu, aliishi mfanyabiashara wa vitambaa, Hajji Ramadhani. Nilipomaliza sekondari alimwita marehemu babu yako, akamwambia mbele ya watu waliokuwa wakitoka swala, "Huyu mtoto wako ana akili. Mimi nitamsomesha, aje awatibu watu wa mtaa huu." Bujumbura nzima ya kwetu ilijua. Nilivuka ziwa na sanduku jipya alilolinunua yeye. Chuoni nilisoma kama mtu aliyekabidhiwa amana. Nilipenda wodi, nilipenda hata harufu yake. Miaka miwili ilikwisha nikiwa miongoni mwa wale walioitwa mbele kuonyesha wengine namna ya kumshika mgonjwa.

Mwanzoni mwa mwaka wa tatu mkuu wa chuo aliniita ofisini. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Kijana, mfadhili wako amejitoa."

"Nimekosa nini?"

"Hakusema kosa. Amesema tu kwamba hataendelea."

Nilirudi nyumbani ndipo nikaambiwa. Hajji alikuwa amegombana na baba yangu mdogo juu ya ukuta wa mpaka wa kiwanja, matofali yameingia kwa nani na yametoka kwa nani. Basi. Mimi sikuwahi hata kuuona ukuta huo. Nilikwenda kumsalimia Hajji. Alinikaribisha chai, akaniulizia afya, akanieleza jinsi biashara ya vitenge ilivyoharibika. Chuo hakukitaja. Nikaelewa, nikiwa na kikombe mkononi, kwamba kwake lilikuwa jambo dogo, limeshapita, na mimi sikuwa na mahali pa kulipeleka. Hapakuwa na ofisi wala sheria. Kilichonifungulia mlango ni moyo wa mtu mmoja, na moyo ule ulipogeuka upande mwingine nilibaki nje, na hakuna aliyevunja ahadi yoyote ambayo hakimu angeitambua.

Niliapa mtoto wangu hatasimama kamwe kwenye mlango wa namna hiyo.

Kwa miaka mingi nilipoisimulia habari hii moyoni mwangu niliishia hapo. Ina sehemu ya pili, na sikupenda kuitazama kwa sababu iliharibu hasira yangu.

Ulikuwa mdogo, ndiyo kwanza umeanza kuunga maneno. Mji ulikuwa umefungwa, siku zile za *ville morte*, barabara zimejaa mawe na matairi yanayoungua, kila mtu kajifungia kwake. Ulikuwa na homa tangu asubuhi. Jirani alisema ni malaria, mama yako alisema ni malaria, na dawa ya malaria ilikuwa ndani. Nilikuinua nikunyweshe. Nikakiinamisha kichwa chako kidogo ili usipaliwe, na shingo ikakataa. Nikajaribu tena, taratibu. Ukatoa kilio chembamba sana, kilio kisichokuwa chako. Nilikuwa nimeigusa shingo ya namna ile mara moja tu maishani, wodini, siku mwalimu alipotuita tuje mmoja mmoja tuweke mkono wetu nyuma ya kichwa cha mtoto mmoja ili tusije tukasahau.

Nikamwambia mama yako, "Hii si malaria. Ni homa ya uti wa mgongo. Nampeleka hospitali."

Akashika mlango. "Batu banauana mu barabara, weye unatoka na mutoto?"

"Akibaki humu hatauona usiku."

Nilikufunga mgongoni kwa kitenge, kama akina mama wanavyofanya, ili kwenye vizuizi mikono yangu ionekane mitupu. Nilitembea katikati ya barabara, sikuambaa ukutani, kwa sababu anayeambaa ukutani anaonekana ana jambo. Kwenye kizuizi cha kwanza kijana mmoja aliniwekea panga kifuani, akauliza mimi ni wa upande gani. Sikujua jibu lipi lingeniokoa na lipi lingeniua. Nikageuka tu, nikampa mgongo, ili akuone. Ulitoa kile kilio. Akasogea pembeni. Hospitalini muuguzi aliyekupokea aliniuliza nimejuaje. Nikamwambia nilisoma kidogo.

Uliishi. Sikio la kushoto halikusikia tena.

Sasa unaona. Alichonipa Hajji alikiachia njiani kwa sababu ya matofali, na bado alichokwisha kunipa kilikuwa tayari kwenye vidole vyangu, na hakuna ugomvi wa kiwanja uliokuwa na uwezo wa kukitoa humo. Alikufa sisi tukiwa tumeshahamia huku. Niliposikia, nilisema inna lillahi kama asemavyo kila mtu, nikaendelea na kazi. Sikumwambia kamwe kwamba nina binti aliye hai kwa sababu yake. Nilikuwa nimezama mno katika kile alichoninyima.

Tulipokuja Ubelgiji, hapa nilipata kitu nilichokipenda kuliko nilivyokuwa tayari kukiri. Kupewa bila kupendwa. Nilisimama kwenye foleni, nikapewa namba, nikaitwa, nikapata haki yangu kutoka kwa mtu ambaye hakunitazama usoni mara mbili. Wengine wa kwetu walilalamika kwamba watu wa huku ni baridi. Mimi niliona raha. Hakuna aliyenifahamu, hivyo hakuna aliyeweza kuninunia. Wewe ulisoma shule ya serikali, chuo kikuu cha umma, ukapimwa masikio kwa bima ya umma. Mimi mwenyewe nimeendesha gari la wagonjwa wa figo miaka yote hii, nawachukua majumbani hadi hospitalini na kuwarudisha, tajiri na maskini katika gari moja, na kila siku nimejiambia: hivi ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Kwa hiyo ulipotuma maombi kwa lile shirika la serikali la anga, sikuwa na wasiwasi. Nilijua watakupima kwa haki. Wakakupima kwa haki, wakaona sikio, wakakuandikia kwa adabu kwamba vigezo haviruhusu. Ulinionyesha barua yao nikiwa nafunga kamba za viatu. Nikasoma, nikakurudishia, nikasema, "Sheria ni sheria." Uliitikia, "Ndiyo, Baba," ukaenda kazini. Lilikuwa jibu la mtu mvivu, mwanangu. Niliitetea foleni yangu wakati wewe ulikuwa umetolewa kwenye foleni.

Halafu wale wa kampuni waliliangalia sikio lile lile, na swali lao la kwanza lilikuwa, "Tufanye nini ili usikie vizuri ndani ya kofia?" Hilo ulimwambia mama yako, na mama yako akaniambia mimi. Nilijifanya sikusikia.

Na sasa nifike kwenye ile siku aliyokuja yule tajiri.

Uliposema bwana yule anazitembelea familia za watu wote atakaosafiri nao, nilitaka niwe kazini. Mama yako alikataa. "Weye utakaa hapa," alisema. "Muntu anabeba mutoto yako mpaka mbinguni, na weye utakimbia ku travail?" Nikakaa. Nilitegemea mtu mwenye walinzi. Akaja peke yake, mrefu, mashavu yamebonyea, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akala kila alichowekewa. Kifaransa chake kilikuwa cha polepole, kama cha kwangu nilipokuwa mgeni, na hilo lilinifanya nimwelewe zaidi kuliko nilivyotaka.

Wewe na mama yako mlipokwenda jikoni kuandaa chai, niliona hapo ndipo pangu. Nikamwuliza bila kuzunguka.

"Bwana, kwa nini binti yangu?"

"Mwanzoni," alisema, "ni kwa sababu wasaidizi wangu waliniambia kwamba historia yake itawagusa watu."

Nilihisi damu inanipanda, na papo hapo nilihisi heshima. Angeweza kunidanganya. Kumbe nililokuambia mezani halikuwa uongo mtupu, na yeye ndiye aliyelithibitisha nyumbani kwangu huku akila chakula changu.

"Na sasa?"

"Sasa ni kwa sababu alinizuia." Akagusa kifua chake. "Kwenye vipimo vya awali aliona mapigo ya moyo wangu hayaendi sawa nikichoka. Madaktari wangu wa siku zote walisema si kitu. Binti yako akasema hatanipitisha mpaka nitibiwe. Safari ikaahirishwa. Ilinikasirisha sana. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba mimi ndiye ninayelipa."

"Akasema nini?"

"Alisema, 'Ndiyo. Umelipia daktari. Na daktari anasema hapana.'"

Aziza, sikuweza kumtazama. Nilitazama kitambaa cha meza.

"Niliagiza atafutwe mwingine," akaendelea. "Alifungasha vitu vyake akarudi Brussels. Kisha nikaenda kwa mtaalamu asiyenijua, ambaye hakuwa akisubiri chochote kutoka kwangu. Akaniambia binti yako yuko sahihi. Nimetibiwa. Nikampigia simu binti yako kumwomba arudi. Aliniuliza kwanza kama ninatumia dawa zangu."

Nilikumbuka wiki ile. Ulirudi na begi, nikakuuliza mbona mapema, ukasema ratiba imebadilika. Nikaridhika moyoni, nikidhani tajiri amekuchoka kama nilivyobashiri. Ulikuwa umekaa chumba cha pili umepoteza kitu ulichokitaka tangu utoto wako, na mimi upande huu wa ukuta nilikuwa nafurahi kwamba nilisema kweli.

Nilimwuliza swali jingine, maana sikutaka aondoke nimemwonea haya tu. Nilimwambia, "Kwetu Bujumbura watu wanalala kwenye foleni ya petroli. Ndugu zangu wanasukuma magari. Wewe utachoma mafuta mangapi ili uizunguke dunia na kurudi pale pale ulipotoka?"

"Naweza kukwambia kwamba utafiti wa binti yako utawasaidia wagonjwa," alisema. "Ni kweli. Lakini sitakwambia kwamba ndiyo sababu yangu ya kwenda. Nimetaka kwenda tangu nikiwa mtoto, na sasa naweza. Sina jibu zuri kuliko hilo."

Ukaingia na sinia la chai, mazungumzo yakaishia hapo. Nimelifikiria jibu lake tangu siku hiyo. Halinitoshi. Zamani waliokwenda huko walitumwa na madola, marubani na askari, wamepimwa mpaka meno, bendera begani. Na hata mtu wa kwetu, ambaye nchi yake haikumtuma yeyote, aliweza kusema wamekwenda kwa niaba ya taifa fulani. Sasa mtu mmoja anaweza kuamua, na watu wanapaa. Sijui kama hilo ni jema. Sikumpigia kura. Hakuna aliyempigia kura. Lakini najua pia kwamba milango iliyolindwa kwa haki ilikuacha nje kwa haki, na mlango uliofunguliwa na tamaa ya utotoni ya mtu mmoja umekuingiza wewe, na baada yako ataingia mwingine asiyeona vizuri, au mwenye mguu mmoja, na baada ya miaka labda wale wa serikali wataona aibu na kuandika vigezo vyao upya. Mambo haya mawili yote nayaona ni kweli. Nimejaribu kuyapatanisha nikiwa kwenye usukani, wagonjwa wamelala nyuma, na yamenishinda. Nakuachia wewe uyabebe hivyo hivyo.

Jioni ile nilikusindikiza kituoni ulipokuwa ukienda zamu. Nilikuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Hatukuwa tunazungumza, Baba."

"Ulijua atakuondoa?"

"Nilijua. Nililia ndani ya gari, kisha nikarudi ndani kumaliza vipimo vya wale wengine."

"Hukuogopa?"

Ukacheka kidogo. "Niliogopa sana. Lakini moyo wake haukuwa sawa, ningefanya nini?"

Pale pale ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yalikuwa mdomoni. Tramu ikaja, milango ikafunguka, nami nikasikia mdomo wangu ukiuliza kama kadi yako ya usafiri ina salio. Ukasema ipo sawa. Ukapanda.

Niliporudi mama yako alikuwa bado anaosha vyombo. Hakugeuka. "Umemwambia?"

"Bado."

"Unazani ni weye peke yako unaogopa? Miye pia niko naogopa. Kila siku niko naogopa. Lakini bon, ile woga ni ya kwetu, haiko ya mutoto. Usimupatie abebe."

Aliyoyasema mama yako, mimi nilichukua miezi kuyaelewa. Hasira yangu kwa tajiri ilikuwa ya kweli, ila nyuma yake nilificha kitu kingine. Naogopa utakufa. Sasa nimeliandika. Vyombo hivyo huungua. Watu hodari wamepotea ndani yake mbele ya macho ya wazazi wao. Nilikubeba mara moja katikati ya barabara na mikono mitupu, nikageuka, nikawaonyesha mgongo wangu. Huko unakokwenda sina mgongo wa kukubebea.

Kwa hiyo, mwanangu, nikupe kile kidogo nilichokipata, kwa bei niliyokipatia. Mshukuru bwana yule. Mwambie wazi, mwambie mapema, usifanye nilivyofanya mimi kwa Hajji. Ila shukrani isikuzibe mdomo. Siku akikosea tena, au mwingine yeyote kwenye kampuni ile akikutaka upitishe kisichopitika, sema kama ulivyosema. Na kama siku moja atageuka kwa sababu ya ukuta ambao wewe hukuujenga, usikae miaka ukijitafutia kosa lako. Halitakuwepo. Chukua ulichokwisha kujifunza uondoke nacho. Hicho hawezi kukudai. Na ukirudi salama, ukisikilizwa kwa sababu ulikwenda, usiishie kusimulia uzuri wa dunia ukiitazama kutoka juu. Waulize kwa nini daktari aliyesema kweli alilindwa na dhamiri ya tajiri peke yake. Dai iwepo sheria. Iwekwe kabla hajapanda binti wa mtu mwingine ambaye tajiri wake hatakwenda kwa mtaalamu wa pili.

Uliwahi kumwuliza imamu utaelekea wapi ukiswali huko, ambako Makka inapita chini yako mara kadhaa kwa siku. Nilisikia alikujibu vizuri, kwamba utaelekea kadiri unavyoweza. Nimelipenda jibu hilo hata kwa sisi tuliobaki chini.

Aziza, uliniomba radhi nikakurudisha kwa mtu mwingine kama mwombaji aliyebisha nyumba isiyo yake. Nyumba ilikuwa hii. Sitaki nikupe utakaporudi, watu wakishangilia, maana wakati huo kila mtu atakuwa na baraka za kugawa. Wala sikupi kwa kuwa bwana yule alikusifu. Ungestahili hata angekufukuza na asikupigie tena. Nakupa leo, jua likiwa bado dirishani, sijui kama safari itafika, sijui kama ni jema kwamba ipo, na naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Fadhila zote nilizokutendea nikiwa baba, na yote uliyonikosea ukiwa mtoto, nimeyafuta. Ukirudi, sikudai kitu. Usiporudi, ni hivyo hivyo.

Niko radhi nawe, Aziza. Nenda.

Baba yako